Sura ya Sita: Mlango wa Mto Wakati wa Masika

Samaki wa masika huonekana wengi kuliko walivyo. Mvua za Machi zikishashika nchi iliyo kati ya Busia na Tororo, maji ya Mto Sio hugeuka rangi ya udongo, kingo hufurika, na samaki waliokuwa wametawanyika sehemu kubwa ya ziwa huanza kupanda mto kwenda kutaga. Kwa siku chache mahali pembamba pa mto hujaa samaki kuliko sehemu yoyote ya ziwa yenye ukubwa huo huo. Anayesimama ukingoni anaona neema, na ni neema kweli. Lakini amesimama kama mtu aliyekaa mlangoni pa nyumba ya harusi wageni wanapoingia, akadhani mtaa una watu wengi kuliko ulio nao. Wageni ni hao tu, na wote wanapita mlango mmoja. Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Wakati samaki wanapoonekana wengi kuliko siku zote ndipo wanapokuwa rahisi kumalizwa kuliko siku zote. Kwa hiyo, katika majuma machache ya kutaga, mito ya mpaka huu ifungwe kwa wavu na kwa uzio, iachwe wazi kwa ndoana peke yake, na tarehe ya kufunga iwe moja kwa Kenya na Uganda.

Sikuda ni gombolola ya Wilaya ya Busia, upande wa Uganda, na iko katika nchi ambayo maji yake hugawanyika njia mbili. Kaskazini kuna Mto Malaba, unaopokea maji ya Mlima Elgon, ukaenda kuungana na Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Kusini kuna Sio, unaotokea upande wa Bungoma, ukapita Busia ya Kenya, na kwenye sehemu zake za mwisho ukawa ndio mpaka wenyewe wa nchi mbili mpaka unapoingia Ziwa Viktoria katika Ghuba ya Berkeley. Kiswahili huita mahali hapo mlango wa mto, na jina hilo limesema kila kitu. Samaki wa ziwani anayetaka kutaga katika Sio hana njia nyingine. Anayepanda na kusifika zaidi ni ningu, samaki mwembamba ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimpa jina la kisayansi Labeo victorianus mwaka 1901, akimwita kwa jina la ziwa. Pamoja naye hupanda kuyu, ambaye Wajaluo humwita fwani na Waganda kisinja, na kambale, anayejulikana zaidi huku kwa jina la mumi. Mwaka 1959 watafiti Fryer na Whitehead walieleza jinsi ningu anavyozaa: hungoja mto ufurike, akaingia katika majani yaliyofunikwa na maji pembezoni, akataga humo, kisha akarudi kabla maji hayajakauka. Kazi yote hiyo ni ya muda mfupi sana. Samaki anayeishi miaka kadhaa ziwani anaweka hatima ya kizazi chake katika siku chache na katika njia moja, naye mwanadamu anaijua njia hiyo na siku hizo kwa hakika.

Wazee wa mto walizijua kabla ya sayansi, wakajenga uzio wa mafito na kutega vikapu. Wako watu wanaoitaja historia hiyo kuonyesha kwamba kutega mtoni hakujawahi kumaliza samaki. Wanasema kweli kuhusu zamani zile, lakini sababu yake ndiyo yenye somo. Uzio wa mafito ulikuwa na mianya, maji makubwa yaliubomoa mara kwa mara, na uliwekwa juu mtoni, ambako samaki waliokuwa wamepita mlango walikuwa bado wengi. Kilichobadilika ni chombo na mahali. Nyavu za makila zililetwa Ziwa Viktoria mwaka 1905. Michael Graham alipofanya uchunguzi wake wa ziwa mwaka 1927 na 1928 alikuta ngege tayari wanapungua, akapendekeza tundu la wavu lisipungue inchi 5. Kipimo hicho kilimkusudia ngege, samaki mpana. Kwa ningu mwembamba hakikuwa jibu, na hakikugusa swali la wakati wala la mahali. Miaka ya 1950 nailoni ikaja, imara na isiyooza, na nyavu zikatandazwa mbele ya milango ya mito samaki wakiwa wanaingia na mayai tumboni. Mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr aliandika juu ya kuanguka kwa uvuvi wa ningu ziwani, na katika andiko hilo hilo akaeleza kudhoofika kwa njia za kienyeji za kuvua katika Mto Nzoia, mto unaoingia ziwani ndani ya Busia ya Kenya. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Wavu ulipofunga mlango, vikapu vya watu wa juu vilibaki vitupu, na ufundi wa kusuka uzio ukakosa kazi.

Hapa hutokea pingamizi ambalo kila mtu wa ziwani analo mdomoni: aliyemaliza samaki wa asili ni sangara, mbuta wa Wakenya, si wavu. Sangara ana makosa yake mengi na sina haja ya kumtetea. Lakini tarehe hazikubali abebe kosa hili peke yake. Alianza kuingizwa katika maji ya Viktoria katikati ya miaka ya 1950, akaachiliwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mlipuko wake mkubwa ukaonekana miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaanguka. Sangara alimkuta mgonjwa kitandani, akammalizia nguvu. Leo ningu amewekwa katika daraja la samaki walio hatarini kabisa kutoweka, ingawa bado anapatikana katika mito michache, Sio ukiwa mmojawapo. Mwaka 2005 watafiti Rutaisire na Booth walichapisha uchunguzi wao juu ya uzazi wa ningu wa mito miwili ya Uganda, Kagera na Sio. Mto ambao bado una samaki wa kuchunguzwa uzazi wake ni mto ambao bado una kitu cha kuokolewa.

Mwaka 1905 uliotuletea makila una jambo lake jingine. Mwaka huo huo mlowezi Ewart Grogan aliweka trauti kutoka Scotland katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Samaki huyo wa kigeni alikuja na sheria zake: leseni, idadi ya kuchukua kwa siku, na kuvuliwa kwa fimbo na nzi bandia tu, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu. Sheria hizo zilitungwa kwa starehe ya walowezi, na mwananchi aliyekuwa akivua mto wa kwao alizihisi kama kufuli. Siyo hali ya kuitamani tena. Hata hivyo, ukiondoa ubaguzi uliozizunguka, ndani yake mna wazo zuri: samaki wa mtoni hulindwa kwa kupunguza uwezo wa chombo. Mgeni wa Gura alipewa ulinzi huo tangu mwanzo, na wazao wake wako hadi leo. Ningu, mwenyeji wa Sio, aliyekuwa akilisha maelfu ya watu, hakupewa. Ninachokitetea ni kwamba kanuni hiyo sasa itumike kwa mwenyeji, na kwa faida ya wenyeji.

Kwa nini ndoana? Kwa sababu ndoana inamtaka mwenyewe awepo. Wavu huvua mwenyewe akiwa amelala, na uzio huvua mwenyewe akiwa sokoni Busia. Ndoana inasubiri mtu, na mtu ana mkono mmoja, jioni moja na subira yenye mwisho. Chukua jioni ya kawaida ya Aprili. Mvua imekatika saa tisa, mto umepanda lakini haujawa tope zito, na zimebaki saa tatu hivi kabla ya giza. Anayejua kazi yake hatupi katikati ya mkondo. Anatafuta kijito chenye maji meupe kidogo kinapoingia katika maji mekundu, kwa maana hapo samaki anaona na hapo mdudu aliyesombwa na mvua anapita. Akiwa na ufito, mshipi, chubwi na nyungunyungu, atampata kambale. Akiwa na fimbo ya nzi bandia, atamtafuta kuyu. Hilo nalo halina ugeni wowote: jamaa za kuyu, samaki wa jenasi hiyo hiyo ya Labeobarbus, huvuliwa kwa nzi bandia katika Mto Vaal huko Afrika Kusini, na watu husafiri mbali kuwafuata. Saa tatu zikiisha, mvuvi ana samaki wawili, watatu, au hana. Ningu, aliye dhaifu kuliko wote, amepita salama, kwa kuwa hula utando wa mwani na tope laini kwa mdomo ulioelekea chini, na ndoana haina la kumpa. Chombo hiki kinachagua chenyewe. Kinamwacha anayehitaji kuachwa bila askari wa kusimama ukingoni.

Ushahidi kwamba njia ya namna hii inaweza kurudisha samaki ninautoa mbali, kwa sababu mbali ndiko ilikojaribiwa hadi mwisho. Mwambao wa mashariki wa Marekani una samaki mkubwa wa baharini mwenye michirizi myeusi ubavuni. Tumwite besi milia. Kila majira ya kuchipua huacha bahari, akapanda mito ya Ghuba ya Chesapeake, Delaware na Hudson kwenda kutaga, na wavuvi wa mshipi humngoja mtoni kwa safari fupi za jioni kama ile ya Aprili niliyoieleza. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara walimvua ratili milioni 14.7. Kufikia mwaka 1983 ilikuwa ratili milioni 3.5. Mwaka 1984 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumhifadhi, na Januari 1985 jimbo la Maryland likafunga kabisa uvuvi wake, likaufungua tena 1990. Shabaha ya mpango ilikuwa nyepesi kueleweka: samaki waliozaliwa mwaka 1982 walindwe mpaka karibu majike wote wa kizazi hicho wawe wametaga angalau mara moja. Hakuna aliyeahidi kurudisha bahari ya zamani. Waliahidi jike mmoja mtago mmoja. Mwaka 1995 samaki huyo alitangazwa kuwa amerejea.

Msomaji makini atauliza mambo mawili hapa, na yote ni ya haki. La kwanza, Marekani walifunga kila kitu, hata ndoana, katika maeneo yaliyoathirika zaidi. Kwa nini sisi tuiache? La pili, ndoana yenyewe si safi. Wataalamu wa besi milia hukadiria kwamba katika kila samaki 100 wanaovuliwa na kurudishwa majini, 9 hufa baadaye, na tathmini ya mwaka 2019 ilionyesha samaki huyo amepungua tena, sehemu kubwa ya vifo ikitokana na wavuvi wa mshipi. Siyakwepi haya. Yanaonyesha kwamba ndoana ikishikwa na mamilioni ya watu nayo huwa wavu. Mto Sio hauna mamilioni ya wavuvi wa mshipi. Una vijana wa vijijini na wachache wanaopita, na samaki walio hatarini zaidi humo hawali ndoana. Kuyu na kambale ndio wanaohitaji kipimo, kwa kuwa nao hupanda kutaga. Hapo ningeweka idadi ndogo kwa mtu kwa siku, na jike aliyejaa mayai arudishwe kwa mikono iliyoloa, bila kutupwa nyasini akahangaika. Ikiwa siku moja watu watazidi, ndoana nayo ifungwe. Lakini kuanza kwa kufunga kila kitu katika nchi ambayo samaki ni kitoweo ni kutunga sheria itakayovunjwa siku ya kwanza, na sheria iliyozoeleka kuvunjwa ni mbaya kuliko kukosa sheria.

Kitoweo ndicho pingamizi zito kuliko yote. Mtu wa Sikuda, au wa Bunyala upande wa Kenya, mwenye watoto wa kulisha hatakiwi kusomewa habari za Chesapeake. Aprili ni mwezi mgumu: ghala limepungua, mahindi bado ni machanga shambani, na mto umejaa. Kumwambia asivue ni kumwambia alale njaa akitazama chakula kikipita. Ndiyo maana ninasema ndoana ibaki. Ni muhimu vilevile kutazama nani hasa hupata nini. Wavu mrefu mlangoni mwa mto unataka mtaji, mtumbwi na vibarua. Samaki wake wengi huenda sokoni. Ndoana inataka ufito na nyungunyungu, na samaki wake huenda chunguni. Mlango ukizibwa, wanaopoteza kwanza ni maskini wa juu mtoni, kama walivyopoteza watu wa Nzoia. Anayeutetea wavu wa mlangoni kwa jina la maskini anawatetea wachache wa chini dhidi ya wengi wa juu, hata kama hakukusudia. Wala kufunga msimu si jambo geni kwa wavuvi wetu. Upande wa Kenya uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, husimamishwa kila mwaka kati ya Aprili na Julai, na malalamiko mengi si ya kukataa wazo lenyewe. Watu hulalamikia usimamizi, upendeleo, na kufungiwa huku jirani akivua.

Wengine watasema ninashughulika na wavu huku mto wenyewe unakufa. Kingo zimelimwa hadi majini, mafunjo yamefyekwa kwa ajili ya mpunga, mchanga unachimbwa, na katika machimbo ya dhahabu ya Tiira, huko huko Sikuda, wachimbaji wadogo wamekuwa wakitumia zebaki, sumu isiyotoka majini kwa urahisi. Nakubali kila neno. Ningu anataga katika majani yaliyofurika, na ardhioevu ikikaushwa hana pa kutagia hata nyavu zote za ziwa zikichomwa moto. Kwa hiyo ardhioevu ya Sio-Siteko, iliyoko pande zote mbili za mpaka, ni sehemu ya hoja hii. Tofauti iko katika muda. Kurudisha mafunjo ni kazi ya miaka, inayogusa hati za ardhi na mashamba ya watu. Kuondoa wavu mlangoni ni kazi ya siku moja, na matunda yake yanaweza kuonekana msimu unaofuata. Mwenye nyumba inayovuja na mlango uliovunjwa haachi kufunga mlango usiku kwa sababu paa bado halijatengenezwa.

Linabaki suala la mpaka, na kwangu hilo ndilo fundo. Mto ambao ukingo mmoja ni Kenya na mwingine ni Uganda hauwezi kufungwa nusu. Upande mmoja ukiacha, wa pili utavua maradufu, na aliyeacha atajiona mjinga. Wamarekani walilijua tatizo hili, kwa kuwa besi milia hupita majimbo mengi. Sheria ya 1984 iliipa serikali ya shirikisho uwezo wa kufunga uvuvi katika jimbo lolote lisilofuata mpango. Afrika Mashariki hatuna mkono wa namna hiyo, na sioni ukija karibuni. Lakini tuna mfano wetu wenyewe. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na baada ya nchi hizo kukubaliana, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Ikiwa ziwa refu la nchi nne limewezekana, mto mwembamba wa nchi mbili hauna kisingizio. Vyombo vipo. Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Viktoria iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na makao yake ni Jinja, safari ya saa chache kutoka Busia. Mpango wa Bonde la Mto Naili, ulioanzishwa 1999, una mradi wenye jina la mito hii hii: Sio, Malaba na Malakisi. Hakuna haja ya kuunda kamati nyingine. Kinachohitajika ni tarehe moja, inayotangazwa kwa Kisamia, Kiteso, Kijaluo na Kiswahili, na vikundi vya wavuvi vya kingo zote mbili kupewa mamlaka ya kuilinda.

Kwa maofisa wa uvuvi wa Busia mbili, ombi ni hili: kaeni meza moja kabla ya mwezi Februari kwisha, mkubaliane juu ya majuma ya kuondoa nyavu na uzio kuanzia mlango wa Sio hadi madaraja ya juu, na mwaka wa kwanza mhesabu mnachokiona. Machi mvua itaanza Elgon. Ningu waliobaki watapanda kwa njia ile ile, Uganda mkono wao wa kushoto na Kenya mkono wao wa kulia.